Msaada wa Bure Barabarani Huandaliwa Nyumbani

Mazungumzo yaliyotolewa na Kamati ya Usafiri katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya kikundi chetu, Morogoro, 2025



Kamati yetu imepewa dakika ishirini. Wenzetu wa mikopo wamekwisha kusema habari za hisa na marejesho, na wameyasema vizuri. Sisi tumeombwa tuzungumzie jambo moja ambalo linawagusa wengi humu, wenye magari na wasio na magari: gari likikuharibikia njiani, unapataje msaada bila kukamuliwa mfuko? Basi tutasema tuliyojifunza, pamoja na yale ya aibu.

Tulipoanza mwaka 2015 tulikuwa akina mama 18, tukiwa na kisanduku kimoja chenye kufuli tatu na hisa ya shilingi 2,000. Gari hatukuwa nalo hata kwa ndoto. Mwaka 2018 tukanunua pikapu iliyokwisha kutumika, ili tuache kulipia lori kila tunapofuata mchele Ifakara. Siku ile ilipofika hapa uwanjani tulipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi. Tukaikatia bima ndogo, tukaijaza mafuta, tukamtafuta dereva. Tukadhani tumemaliza.

Mwezi Julai 2020 pikapu ilikuwa inarudi na magunia 14 ya mchele. Ndani walikuwa dereva na wenzetu wawili. Walipita mji wa Mikumi salama, wakaingia hifadhini. Mnaijua barabara ile: inakata katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na humo ndani hakuna duka, hakuna gereji. Saa kumi na moja na nusu jioni taa ya betri ikawaka. Dereva akasema, tutaangalia tukifika Doma. Dakika chache baadaye gari likachemsha, mvuke ukatoka kwenye boneti, likazimika. Mkanda wa feni ulikuwa umekatika. Mkanda ule ndio uliokuwa unazungusha pampu ya maji na jenereta, kwa hiyo taa ya betri ilikuwa inapiga kelele kabla injini haijaungua. Hatukuijua lugha yake.

Simu hazikushika mtandao vizuri. Mbele yao, upande wa kushoto, tembo walikuwa wanakula. Jua likaanza kuzama. Hapo likatokea gari moja, wakashuka vijana wawili wachangamfu. "Akina mama, msiwe na wasiwasi, tunawavuta mpaka Doma." Mwenzetu mmoja akauliza, ni kiasi gani? Wakajibu, "Twendeni tu mama, tutaelewana mbele ya safari."

Jamani, neno hilo mlikumbuke. Walipofika Doma wale vijana wakataka shilingi 250,000, na hawakukubali kufungua mnyororo mpaka walipwe. Watu wakajaa. Usiku ukaingia. Mweka hazina alipopigiwa simu akatuma fedha, na fedha aliyokuwa nayo mkononi usiku ule ilikuwa ya mfuko wa jamii, ile tunayowasaidia nayo wafiwa na wagonjwa. Kesho yake fundi akafunga mkanda mpya kwa muda usiozidi nusu saa. Mkanda wenyewe ulikuwa shilingi 25,000.

Mnakumbuka kikao kilichofuata. Wengine walisema gari liuzwe. Wengine walisema mweka hazina kavunja katiba, maana mfuko wa jamii hautoki bila kikao. Na kweli alikuwa kaivunja. Lakini angefanya nini, awaache wenzake Doma usiku? Kwa wiki tatu watu hawakusalimiana vizuri, na wawili walitoa hisa zao wakaondoka. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba gari kuharibika ni jambo la dereva peke yake. Mkanda wa shilingi 25,000 ulitaka kukata kikundi cha miaka mitano.

Ndipo kamati hii ikaundwa. Kazi yetu ya kwanza ilikuwa kujibu swali moja: je, msaada wa bure barabarani upo au ni hadithi?

Tulipochunguza tuliona kwamba upo. Lakini karibu kila ulipo, kuna mtu aliyeulipia kabla.

Binti wa mwenzetu mmoja anaishi Marekani, jimbo la California. Alimsimulia mama yake kwamba kule kuna magari ya doria yanayopita kwenye barabara kuu hasa saa za msongamano. Huduma hiyo ilianza Los Angeles mwaka 1991. Ukikwama, wanakubadilishia tairi, wanakubusti betri, wanakutilia maji kwenye rejeta, wanakupa mafuta kiasi cha lita nne hivi. Gari likikataa kabisa kuwaka, wanalivuta na kulitoa barabarani mpaka mahali pa salama. Hulipi hata senti, na dereva wa doria haruhusiwi kupokea bakshishi wala kukuelekeza kwenye gereji fulani. Tuliposikia tukasema, loo, Wamarekani wana bahati! Lakini yule binti akasema si bahati, ni kodi. Wamekwisha kuilipa wote, aliyeharibikiwa na asiyeharibikiwa.

Uingereza wenye magari walianzisha chama chao cha AA mwaka 1905, na jirani zetu Kenya wana chama cha namna hiyo chenye asili yake mwaka 1919. Huko unalipa ada ya uanachama, na siku ukikwama unaita. Siku ile hulipi, kwa sababu ulikwisha kulipa. Sasa akina mama, huo si mchezo wetu tunaoujua? Si ndiyo hisa na mfuko wa jamii? Kumbe jibu lilikuwa ndani ya kisanduku chetu wenyewe.

Na bima je? Hapa wengi tunajidanganya. Bima ndogo inalipa madhara utakayomfanyia mtu mwingine. Mkanda wako ukikatika Mikumi, bima ndogo haikujui. Bima kubwa inalinda na gari lako pia kwa ajali, moto na wizi, na baadhi ya hati zina kifungu cha kuvutiwa gari au kusaidiwa njiani. Baadhi, siyo zote. Kwa hiyo siku ya kukata bima usichukue stika ukaondoka. Uliza maswali manne: Je, gari likiharibika bila ajali mnanisaidia? Mnavuta kwa umbali gani au kwa kiasi gani cha fedha? Napiga namba ipi usiku na Jumapili? Nikimwita mvutaji mwenyewe, mtanirudishia kwa risiti? Majibu yaandikwe. Mwenzetu mmoja mwenye teksi aliyakuta majibu hayo kwenye hati aliyokuwa ameifungia kabatini miaka miwili. Miaka miwili yote alikuwa analipa mvutaji fedha taslimu, kumbe haki yake iko chini ya vitenge!

Sasa tueleze tunavyofanya sisi, maana mgeni akiuliza kikundi kimefanya nini asije akaambiwa hotuba tu.

Kwanza, kila mwanachama anatoa shilingi 500 kwa mwezi, tunaziita fedha za barabara. Haziingii kwenye mikopo. Zina daftari lake, na kikao kimekwisha kuruhusu kwamba usiku wa dharura mweka hazina atoe mpaka kiwango fulani, kisha alete maelezo na risiti. Hatutaki tena mtu avunje katiba kwa sababu ya huruma.

Pili, tuna sanduku la gari. Ndani yake mna jeki, spana ya tairi, waya za kubusti, kamba imara ya kuvutia, mkanda wa feni mpya, fyuzi, tochi, lita kumi za maji, na pembetatu mbili nyekundu za tahadhari. Tairi la akiba linakaguliwa upepo kila mwezi. Jamani, sisi watu wa akiba tutembee na tairi la akiba lisilo na upepo? Mwanachama yeyote mwenye safari anaweza kuliazima sanduku bure, ila alirudishe limekamilika.

Tatu, tumeelewana na mafundi wawili waliopo hapa leo, simameni wazee wetu muonekane. Wao hupokea simu yetu wakati wowote na kutoa ushauri bila malipo. Mara nyingi ushauri tu unatosha. Mwaka jana mwenzetu alikwama Melela, akaelezwa kwa simu jinsi ya kukaza kichwa cha betri, akaondoka. Wakija wenyewe tunalipa nauli na kazi, kwa bei tuliyokwisha kukubaliana mezani siyo gizani.

Hayo ni ya nyumbani. Sasa ya barabarani.

Gari likianza kusumbua, litoe barabarani mapema, usingoje lizimike lenyewe. Washa taa za dharura. Weka pembetatu mbali nyuma ya gari, siyo hatua tano, bali hatua hamsini au zaidi, na kama kuna kona iweke kabla ya kona. Matawi ya miti ni desturi yetu na madereva wanayaelewa, lakini usiku tawi halionekani kama pembetatu. Na ukiondoka, ondoa matawi, ondoa na mawe uliyozuilia tairi. Jiwe lililoachwa katikati ya lami limeua watu wasiojua hata lililetwa na nani.

Abiria washuke upande usio na magari, wakae mbali na barabara. Msisimame nyuma ya gari mnapiga soga. Isipokuwa hifadhini: pale Mikumi mtu hashuki kwenda kuzurura vichakani wala hatembei kutafuta mtandao. Kaeni ndani, wekeni taa za dharura, simamisheni magari yanayopita au askari wa hifadhi, tumeni habari kwa dereva wa basi azifikishe getini.

Ukipiga simu, sema uko wapi kwa usahihi. Soma nguzo ya kilomita iliyo kando ya barabara. "Niko porini karibu na mti mkubwa" haimsaidii mtu. Kukiwa na hatari, kama ajali, moto au watu wa kutilia shaka, namba ya dharura ya polisi ni 112, na ya zimamoto ni 114.

Rejeta ikichemsha usifungue mfuniko. Maji yale yamebanwa, yana joto kupita la maji ya chai, yatakurukia usoni. Ngoja nusu saa au zaidi, kisha fungua polepole kwa kitambaa.

Ukivutwa, ujue kwamba injini ikiwa imezimwa breki inakuwa nzito na usukani unakuwa mzito. Acha ufunguo kwenye swichi usije usukani ukajifunga. Gari la otomatiki halivutwi mwendo mrefu matairi yanayoendeshwa na injini yakiwa chini, utaua giaboksi, na hapo bure itakugharimu kuliko gereji.

Halafu kubwa kuliko yote: kabla mnyororo haujafungwa, bei isemwe. Uliza waziwazi, "Ndugu yangu, unanisaidia au unanifanyia kazi?" Vyote viwili ni halali. Mvutaji ana mafuta, ana watoto, ana haki ya kulipwa. Ubaya ni kuficha. Kama ni kazi, tajeni kiasi na mahali mtakapofika. Kama anasema tutaelewana mbele, mwambie tuelewane hapahapa. Chukua namba ya gari lake, itume kwa mwenyekiti mbele ya macho yake. Mwenye nia njema hatachukia. Na mama asiondoke peke yake na mtu asiyemjua kwenda kununua spea. Waende wawili, au iende fedha na dereva.

Kuna bure nyingine ambayo si msaada. Sisi watu wa Morogoro hatuhitaji kufundishwa na mtu. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 walifariki dunia. Hatusemi hivi kuwalaumu marehemu wetu, Mungu awapumzishe. Tunasema ili mtoto aliyezaliwa baadaye ajue: lori la mafuta likianguka, msaada ni kuwazuia watu wasisogee na kuita zimamoto.

Ndugu Mgeni Rasmi, tungeweza kumalizia hapa tukapigiwa makofi. Lakini tuliahidi kusema na ya aibu.

Mwaka 2022 pikapu yetu ilikuwa inatoka Ifakara tena, na sanduku letu zuri liko ndani. Kabla ya Doma, giza limeanza kuingia, tukaona gari dogo limesimama, boneti limefunguliwa, na mama amembeba mtoto anapunga kanga. Tulikuwa wanne. Mmoja akasema simama. Mwingine akasema, usisimame, hivyo ndivyo majambazi wanavyoweka mtego. Dereva akaongeza mwendo. Hatukupunguza, hatukupiga simu, hatukumwambia mtu yeyote Doma. Tulinyamaza mpaka nyumbani.

Miezi miwili baadaye mama huyo alikuja sokoni kununua mchele wetu. Akiwa anapimiwa, akasimulia jinsi alivyolala porini na mtoto mwenye homa, mpaka dereva wa lori na utingo wake walipomkuta alfajiri wakamfungia bomba la maji lililopasuka. Alipotaka kuwalipa walikataa. Wakamwambia, nawe utamsaidia mwingine. Kisha akasema, "Kabla yao ilipita pikapu ya mchele, akina mama wamejaa. Nikajua hao watasimama."

Aliyekuwa anapima mchele alikuwa mmoja wa wanne wale. Alishindwa kusema siku hiyo. Aliyasema kwenye kikao, akilia, na sote wanne tukasimama. Baadaye tulimtafuta yule mama tukamwomba radhi. Alitusikiliza, akatusamehe, akasema na yeye angeogopa. Leo yuko hapa, ameketi miongoni mwetu, ni mwanachama wa miaka miwili. Ametuhurusu tuyasimulie haya.

Tangu kikao kile tuna kanuni, imeandikwa kwenye daftari la safari. Mchana, mahali pa wazi, pikapu yetu inasimama kwa aliyekwama. Usiku, au ukiogopa, usisimame. Hofu si dhambi. Lakini usinyamaze. Punguza mwendo, soma nguzo ya kilomita, piga simu, au simama kijiji kinachofuata, au penye askari, utoe taarifa: nimemwacha mtu mahali fulani. Taarifa haigharimu kitu, na mama yule ingempunguzia usiku mzima.

Kwa hiyo tukiulizwa kama msaada wa bure upo, tunajibu kwamba upo, na unatoka kwa mtu aliyejiandaa. Wale wa lori walikuwa na bomba na spana kwa sababu walijiandaa. Sisi tulikuwa na sanduku lakini moyo hatukuuandaa, na sanduku halikusaidia kitu.

Tunamaliza kwa maombi matatu. Wanachama: fedha za barabara za mwezi huu bado kuna majina 7 hayajatoa, mnajijua, tutaonana baada ya wali. Madereva na mafundi: pale mlangoni kuna daftari, andikeni majina na namba za simu, na mahali mnapopatikana kati ya hapa na Ifakara, ili orodha yetu irefuke. Wageni wetu: ukiwa na safari, sanduku la gari linaazimwa, hata kama si mwanachama. Njoo uliombe mchana, usingoje ukwame.

Na siku ukiona pikapu nyeupe imesimama kando ya barabara na kitenge kimefungwa kwenye kioo, hao ni sisi. Simama utusalimie.

Umoja ni nguvu!